Komeo ya Ndani

Mwanaume akikohoa barabarani mara tatu kabla hajafika kwa mlango, ujue hiyo heshima hakufundishwa na mama yake. Amefundishwa na mapenzi. Joash alikuwa anakohoa hivyo. Si kikohozi ya ugonjwa. Ni ile ya kusema niko hapa, nakuja, usishtuke. Halafu anaita "Hodi!" akiwa bado huko kwa ua, anangoja. Mjukuu wangu Muhonja akijibu "Karibu," ndiyo anaingia. Asipojibu, huyo kijana atasimama hapo mpaka jua imchome masikio.

Mwanzoni nilimcheka. Nikamwambia, "Wewe, hii ni boma ya watu, si kambi ya jeshi. Ingia." Akanijibu, "Mzee, mimi naingia nikiitwa na mwenyewe."

Joash ni wa Butali. Mrefu, mweusi, mikono yake imejaa alama za moto juu ya kazi ya kuchomelea vyuma. Alisomea hiyo kazi kwa chuo ya ufundi Sigalagala, akaandikwa kule kwa kiwanda ya sukari. Muhonja yeye anashona nguo, cherehani yake iko kwa veranda ya duka pale Matete sokoni. Walipatana juu ya ovaroli. Joash alileta ovaroli imechomeka goti, ikashonwa. Wiki ingine akaileta imechomeka kiwiko. Mara ya nne Muhonja akamtazama juu mpaka chini akasema, "Wewe unachoma vyuma ama unajichoma?"

"Najichoma," Joash akasema. "Ndio nikuone."

Muhonja alicheka siku hiyo. Niliambiwa na watu wa sokoni, kwa sababu ilikuwa habari. Msichana wangu hachekangi ovyo.

Halafu siku moja Joash akafanya ile michezo ya vijana. Akamjia kutoka nyuma, akamfunika macho na mikono, ati "Nadhani nani?" Muhonja aligeuka na makasi mkononi. Alimkata hapa kwa mkono, akashonwa nyuzi tano zahanati. Sokoni wote wakapiga kelele, "Huyo ni mwendawazimu!" Joash damu inatiririka, anamuuliza tu pole pole, "Nimekosea wapi?"

"Usikuje kutoka nyuma."

"Basi."

Hiyo tu. Hakuuliza ingine. Kuanzia hapo ndiyo kukohoa ikaanza. Sasa mimi mzee wa miaka sabini na nne, nimeoa, nimezika, nimeona ndoa za kila aina hapa Lugari, lakini mwanaume wa kuambiwa neno moja likamtosha, sijaona wengi. Mimi mwenyewe sikuwa hivyo. Marehemu bibi yangu alikuwa ananiambia kitu mara saba, na hiyo ya saba alikuwa anaiambia ng'ombe, mimi nikisikiliza kando.

Kabla ya habari ya mahari, Joash alimuuliza anataka zawadi gani. Wasichana wengine wangesema simu, ama viatu. Muhonja akasema, "Komeo. Ya chuma. Ya kufunga mlango kutoka ndani." Joash alicheka, lakini alienda akaitengeneza. Chuma nzito, imepigwa msasa mpaka inateleza kama imepakwa mafuta. Akaipiga misumari mwenyewe kwa ile nyumba ndogo Muhonja analala. Siku hiyo niliona vile Muhonja alimtazama. Sina maneno yake. Ni kama mtu amebeba mzigo ya kuni tangu mbali, halafu mtu anamwambia hebu nishikie hapa kidogo.

Sasa wacha nifike kwa kosa. Na kosa ni yangu.

Kwetu, msichana akitolewa mahari, lazima mjomba awe hapo. Ndugu ya mama. Khotsa, ndivyo tunamwita. Ana ng'ombe yake kwa hiyo mahari, na yeye ndiye anaweka mkono kwa kichwa ya msichana na kumtakia watoto. Bila yeye wazee wanatingisha kichwa. Ikizaliwa mtoto mgonjwa, watasema mlimruka khotsa. Muhonja mjomba yake ni mmoja tu, Willis, anakaa Kakamega mjini. Wazazi wa Muhonja walikufa wote wawili akiwa mdogo, kwa hivyo mimi babake baba yake ndiye nilimlea. Kwa hivyo mimi ndiye nilimwambia Joash, "Mambo yote iko tayari, lakini khotsa bado. Mahari bila mjomba ni chai bila majani."

Nilisema hivyo na nilikuwa na kitu kwa roho inanikuna. Nikainyamazisha. Miaka kumi na tisa nilikuwa nainyamazisha.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, wageni wa mahari walikuwa waje Jumamosi. Mimi nilikuwa nje nimeweka mguu yangu mbaya kwa maji ya chumvi. Muhonja alikuwa amekaa kwa mlango yake na beseni, anapukuchua mahindi na vidole. Hiyo ndiyo dawa yake. Watu wengine wakisumbuka wanalia ama wanapiga kelele. Muhonja anapukuchua. Tuna mashine ya jirani, mashine inamaliza gunia tukitazama, lakini yeye anapenda vidole.

Joash alikohoa mara moja tu. Furaha ilikuwa imemzidi. Alikuwa na jogoo mweupe kwapani.

"Muhonja! Mzee! Shikeni habari njema. Natoka Kakamega mjini."

"Ulienda kufanya nini?" Muhonja akauliza.

"Kwa mjomba yako Willis. Nikaona nisitume mtu, niende na miguu yangu mwenyewe. Amenipokea! Amenipatia soda. Ameniuliza, 'Huyo mtoto wangu amekuwa mkubwa aje?' Jumamosi anakuja mapema akuwekee mkono kwa kichwa, akubariki. Hata huyu jogoo amemshika, akampima uzito, akasema imondo ni yake."

Imondo ni firigisi. Kwetu hailiwi na mtu yeyote tu, inapewa yule wa kuheshimiwa.

Muhonja akasema, "Sawa."

Uso yake ikafunga. Nyinyi hamjui hiyo uso. Ni kama duka siku ya maziko, milango imerudishwa na hakuna mtu ndani. Akaendelea kupukuchua. Joash akaendelea kuongea, habari ya viti, habari ya hema, mpaka akaona.

"Muhonja. Hiyo gunzi haina mahindi."

"Najua."

"Kidole inatoka damu."

"Naona."

"Basi wacha."

Akaiacha. Akaweka gunzi chini, taratibu, kama yai. Halafu akasema bila kuinua macho, "Joash, chukua jogoo yako uende. Hakuna mahari. Hakuna Jumamosi."

"Ati nini?"

"Umenisikia."

"Nimefanya nini? Muhonja, nitazame. Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Mtu havunji ndoa kwa sababu hakuna kitu! Kuna mwingine? Niambie kama kuna mwingine."

Muhonja akacheka. Hiyo kicheko iliniuma kuliko kilio. Joash naye akaumia, na mtu akiumia anachukua jiwe yenye iko karibu.

"Mama yangu aliniambia," akasema. "Ati huyu msichana moyo yake ni mawe. Mazishi ya nyanya yangu watu wote wanalia, yeye anaosha sufuria, macho makavu. Nikakutetea. Niligombana na mama yangu juu yako!"

"Mama yako alihesabu sufuria?"

"Sufuria gani?"

"Mimi nilizihesabu. Zilikuwa arobaini na moja." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Mama Jepkorir, mshauri wa zahanati, alinifundisha. Ikianza kupanda kwa kifua, shika kitu na mikono, hesabu, taja vitu unaona, mpaka ishuke. Siku hiyo walikuwa wananikumbatia, mmoja baada ya mwingine, wajomba zako, baba zako wadogo, bila kuniuliza. Niliosha sufuria ndio nisipige mtu. Nyanya yako nilikuwa nampenda, Joash. Nilimlilia na hizo sufuria. Mimi machozi yangu haijui njia ya macho."

Joash akachuchumaa. Mbali kidogo, si karibu. Hata kwa hasira yake hakusahau.

"Ni nini inapanda kwa kifua?" akauliza.

Muhonja akageuka akatazama ile komeo ya mlango yake. Jogoo alikuwa anajaribu kutoka kwapani.

"Siku ile uliniuliza zawadi nikasema komeo, ulifikiria nini?"

"Nilifikiria unaogopa wezi."

"Kwa Willis, chumba yenye nililala, mlango haikuwa na komeo ndani." Akavuta pumzi. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa huko mwaka moja na nusu. Watu wanasemanga 'aliharibiwa.' Mimi sijaharibika. Lakini alinifanyia hiyo kitu, mtu mzima kwa mtoto, na asubuhi ananipeleka shule amenishika mkono. Sasa nimesema. Mmesikia wote wawili."

Jogoo alianguka chini na kamba kwa miguu. Hakuna mtu alimwokota.

"Na wewe Kuka," Muhonja akanigeukia. Mimi ananiitanga Kuka, ni babu kwetu. "Unakumbuka siku nilitoroka?"

Nilikumbuka. Mungu wangu, nilikumbuka hata soksi. Moja ilikuwa nyeupe, moja ya bluu. Alitembea, akapanda gari ya miwa, akatembea tena, akafika kwangu jioni. Akasema, "Kuka, sitaki kulala kwa mjomba." Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimempeleka kwa Willis asome mjini, nikaona ni mtoto anakataa hiyo shule, na mimi shule nilifika darasa la tatu tu, nikaona anatupa bahati. Akaanza kulia. Nikamwambia, "Nyamaza. Msichana hodari halii." Kesho yake asubuhi nikashika kuku, nikamfunga miguu, nikamwekea kwa mkono. Kwetu ukikosea mtu unaenda na kuku kuomba msamaha. Nikamwambia, "Ukifika mpatie mjomba, mwambie umekosa."

Mtoto wa miaka tisa. Nilimrudisha kwa huyo mtu na kuku, aende aombe msamaha.

"Nakumbuka," nikasema.

"Ndio maana mimi sikulangi kuku, Kuka. Unaulizanga."

Hapo ndipo Joash alisimama. Alienda kwa ukuta mahali panga inawekwa, akaichukua.

"Saa hii," akasema. "Saa hii narudi Kakamega. Nimekunywa soda yake! Ameketi hapo ananiita mtoto wake!"

"Weka panga chini."

"Muhonja, usinizuie!"

"Sikuzuii. Enda. Umkate, ufungwe, mimi nikuletee chakula gerezani miaka ishirini. Halafu watu watasema hii ni hadithi ya Joash." Sauti yake haikupanda. "Hiyo hasira ni yako. Mimi nina yangu, nimeibeba tangu nikiwa mtoto, nimefundishwa kuishika mkia kama nyoka. Sasa nibebe na yako tena? Mama Jepkorir amesema siku nikiwa tayari atanisindikiza polisi. Siku mimi niko tayari. Si siku wewe uko tayari."

"Basi nifanye nini? Niambie nifanye nini!"

"Keti."

Alijaribu. Naapa kijana alijaribu. Alikaa kwa gogo, akainuka, akakaa, akashika kichwa, akaanza kulia kwa sauti mpaka ng'ombe wakageuka. Akamnyooshea Muhonja mkono. Muhonja aliutazama huo mkono kwa hamu, mimi niliona, kama mtu wa kiu anatazama maji upande ingine ya mto. Lakini hakuushika.

"Ona," akamwambia. "Sasa ni mimi nataka kukunyamazisha. Siwezi, Joash. Leo siwezi. Enda nyumbani. Ukitaka kurudi utarudi. Usipotaka, nitajua mzigo ni mzito, sitakulaumu."

Joash aliweka panga pale aliitoa. Akaenda. Nilisikia pikipiki ikikataa kuwaka mara mbili. Muhonja akaingia kwa nyumba yake, nikasikia komeo. *Klak.*

Usiniulize kama nililala.

Ijumaa asubuhi nilimpigia Willis simu. Akaanza na kicheko, "Mzee, Jumamosi tuko pamoja!"

"Usikuje," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Muulize yule mtoto alikutoroka na soksi mbili tofauti."

Kicheko ikakatika. Halafu akasema, "Mzee, mambo ya zamani hayo. Watoto husema vitu. Na ujue, bila mimi huyo msichana hataolewa."

"Basi asiolewe. Lakini mkono yako haitafika kwa kichwa yake nikiwa hai. Na siku ataenda kukushtaki, mimi nitatembea mbele yake, na hii mguu yangu mbaya."

Nikakata. Halafu nikamshika yule jogoo mweupe wa Joash. Nikamfunga miguu upya, nikavaa koti yangu ya kanisa, nikaenda mpaka kwa mlango ya Muhonja. Ni hatua thelathini hivi. Sijawahi kutembea safari ndefu kama hiyo. Nikakohoa mara tatu.

"Hodi."

"Kuka? Kwani leo unabisha?"

"Nimekuja na kuku," nikasema kwa hiyo mlango. "Kwetu ukikosea mtu, unaenda na kuku. Mimi nilikukosea. Ulikuja kwangu ukikimbia, nikakurudisha. Sikuuliza. Nilipaswa kuuliza."

Mzee haombi mtoto msamaha. Sijaona ikifanywa. Baba yangu angefufuka anichape. Nilisimama hapo na jogoo ananipiga mabawa kwa tumbo, machozi inaingia kwa ndevu, nikangoja.

Komeo ikafunguka kidogo. Mkono wake ukatoka, ukachukua jogoo. Akamfungua kamba. Jogoo akakimbia kwa mahindi.

"Hatuli huyo," akasema.

"Hatuli."

"Kukusamehe bado, Kuka. Nitakuambia ikifika."

"Nitangoja," nikasema. Na ndivyo ninafanya mpaka leo.

Jumamosi viti ilikuwa imepangwa, kwa sababu hakuna mtu alikuwa na roho ya kuirudisha ndani. Saa nne ikafika, saa tano. Hakuna wageni. Majirani walipita pole pole wakijifanya wanatafuta mbuzi. Muhonja alikuwa ndani, amefunga. Nikajua imekwisha. Nikasema kwa roho, Joash ni mtu mzuri, lakini hata mtu mzuri ana mgongo moja tu.

Karibu saa sita nikasikia kikohozi. Moja. Mbili. Tatu.

"Hodi!"

Hakuna jibu.

Joash alisimama kule kwa ua, peke yake, shati ya kutoa mahari, viatu imejaa vumbi. Jua ikamchoma. Mimi nikamfuata hapo.

"Watu wenu wako wapi?"

"Mama amekataa, Mzee. Amesema bila khotsa yeye hatatia mguu hapa, na mimi nikija nisirudi kwake. Sikumwambia sababu. Si yangu kuisema."

"Na wewe umekuja kufanya nini?"

"Kuketi," akasema. "Juzi nilishindwa."

Akaita tena, "Hodi!" Tukangoja. Halafu dirisha ya ile nyumba ndogo ikafunguka, na sauti ikatoka.

"Karibu. Lakini mlango sifungui."

"Sijasema ufungue."

Akaenda akaketi chini, nje, mgongo kwa mlango. Kwa dirisha ikatoka karai ya mahindi. Joash akaipokea.

"Pukuchua," Muhonja akasema. "Vidole. Usiharakishe."

Akaanza. Hajui kupukuchua, mtu wa miwa huyo, anashika gunzi kama anashika spana. Nikasikia ndani pia, kule nyuma ya mlango, mahindi ikianza kuanguka kwa beseni. Huku kwa karai, kule kwa beseni. Nusu saa. Mimi nilikaa kwa kiti ya wageni, moja kati ya viti thelathini tupu.

Halafu kule ndani mahindi ikanyamaza.

Ikaja sauti ndogo. Nilifikiria ni mlango. Nilifikiria ni paka. Ikapanda, ikavunjika, ikapanda tena, na nikajua, kwa sababu niliisikia mara moja tu, miaka kumi na tisa iliyopita, kabla sijaizima mwenyewe. Muhonja alikuwa analia.

Nikainuka. Mdomo yangu ilikuwa tayari imeshika lile neno, nyamaza, nyamaza mama. Joash aliinua mkono bila kunitazama. Nikaketi.

Hakumwambia anyamaze. Hakubisha. Komeo aliyotengeneza na mikono yake ilikuwa kati yao, imefungwa, na hakuigusa. Alichukua gunzi ingine, akaendelea kupukuchua, punje moja, punje moja, ndio asikie kwamba mtu bado yuko nje.